Meza ya pool na saa za kazi: jibu langu kwa swali la wiki

Mhariri, mmeuliza wiki hii: "Je, meza za pool zifungwe hadi saa kumi jioni ili vijana wafanye kazi?" Jibu langu lilikuwa neno moja, hapana, na ningeishia hapo. Lakini chini ya swali mmeandika kwamba pool ni "mchezo wa wasio na kazi", na maneno hayo yamenichoma. Mimi ni fundi wa injini za boti hapa Kibirizi, Kigoma. Pool nimeicheza tangu ujana, na nimeshika meza, yaani kushinda bila kutolewa, pale Mwanga mjini Kigoma, enzi ambazo ukishika meza Mwanga hadi usiku, kesho yake unasalimiwa na watu usiowajua. Kwa hiyo nianze na hilo la wasio na kazi, la kufunga au kutofunga litafuata.

Kauli yenyewe si ngeni. Mwaka 2016 tuliwasikia viongozi wakisema vijana wanaocheza pool asubuhi wakamatwe wapelekwe wakafanye kazi. Anayesema hivyo hajawahi kusimama alfajiri mwaloni kwetu, pale boti za uvuvi zinapotua. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku, kwa taa. Boti zinatoka jua linapozama, zinarudi kunapopambazuka. Mvuvi anashusha mzigo, akina mama wanaanika, hesabu inafanyika pale pale, na ikifika saa nne asubuhi mtu huyo ameshamaliza kazi ambayo wengi wetu tusingeiweza hata kwa usiku mmoja. Saa nne kwake ni jioni. Ukimkuta na fimbo ya pool mkononi, umemkuta amepumzika, hajazurura. Na mbalamwezi inapokuwa kali dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo watu wanakaa nchi kavu siku kadhaa wakishona nyavu na kuniletea injini zao. Hao nao tuwaite wasio na kazi?

Pia tusisahau mchezo wenyewe ulikotoka hapa kwetu. Umekulia baa. Mashindano yake makubwa ya taifa, yaliyokuwa yakichujwa mkoa kwa mkoa, yalidhaminiwa na bia. Mpira wa miguu una viwanja vya shule, netiboli ina walimu. Pool ilipewa kreti za bia na muziki wa sauti ya juu, kisha watu wakaulaumu mchezo kwa sababu ya majirani zake.

Mtu ninayemfikiria ninapoandika haya alikuwa mfanyakazi wa reli, mkazi wa Tabora. Jina lake nalihifadhi kwa heshima ya familia yake. Alikuwa amewahi kucheza hatua ya mkoa ya mashindano hayo kule kwao, na sifa zake zilitangulia kufika. Kila aliyesafiri njia ile, kuanzia Kaliua hadi Uvinza, alikuwa na habari ya mtu aliyeshindwa mezani na mzee huyo. Treni ikimleta Kigoma alikuwa anaoga, analala, na haonekani Mwanga mpaka alasiri iwe imeswaliwa. Alikuwa haweki dau. Alikuwa anatumbukiza sarafu yake ya mia mbili kama mtu yeyote na kusubiri zamu.

Meza yetu ilikuwa chini ya bati, kando ya barabara ya kwenda Ujiji. Ilikuwa imelala kidogo kuelekea kona ya upande wa barabara, na sisi wenyeji tulilijua hilo kwa kulilalamikia tu. Mpira ukipinda tunalaani sakafu, tunalaani mwenye meza, tunaendelea. Siku niliyocheza naye tulikubaliana kwamba atakayetangulia kufikisha michezo mitatu ndiye mshindi. Kabla hatujavunja mipira kuanza mchezo, mzee alichukua mpira mweupe akauviringisha kwa vidole, polepole, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Akautazama mpaka uliposimama. Akauviringisha tena kwa njia nyingine. Watu walikuwa wanamharakisha, yeye hata hakugeuka.

Tulifika mbili kwa mbili. Mchezo wa mwisho nilivunja mimi, nikapata mipira ya namba kubwa, nikaingiza moja baada ya nyingine hadi nikabakiwa na kumi na nne peke yake, imegandia ubavuni, pamoja na ile nyeusi inayoingizwa mwisho. Yeye alikuwa na tatu mezani: namba tatu iliyokuwa inaning'inia mdomoni mwa shimo, namba tano na namba sita. Mtoto wa darasa la nne angeiingiza ile namba tatu. Mzee hakuigusa. Aliiacha pale pale, na mpaka leo nikiona kijana anakimbilia mpira wa mdomoni namkumbuka, kwa sababu mpira ule ulikuwa umeniziba shimo ambalo kumi na nne yangu ilikuwa inalihitaji. Badala yake akainama, akaugusa mweupe kwa upole kiasi kwamba nilidhani anapima tu. Mweupe ukaenda ukaisugua namba sita, ukaonekana umesimama, kisha ukaanza kujivuta wenyewe kufuata ulalo wa meza, nusu shubiri, shubiri nzima, mpaka ukajificha nyuma ya nyeusi. Kumi na nne yangu nikawa siioni kabisa.

Nilipiga ubavuni kwa nguvu zangu zote nikitafuta kuzunguka. Mweupe ukaenda kugonga sita yake kwanza. Kwa sheria ya mtaani kwetu hilo ni kosa, na mwenzako anapata mipigo miwili. Kwa mpigo wa kwanza hakuingiza kitu, aliitoa tu namba tano mahali palipobana akaiweka wazi. Kisha akaingiza tano, akaingiza sita, na mwisho akaichukua ile tatu ya mdomoni, mweupe ukimsubiri anapoutaka. Ikabaki nyeusi. Ilikuwa katikati ya meza, shimo liko mbali, kona ile ile ya barabara. Alipopiga niliona kwa macho yangu kwamba amekosa. Nyeusi ilikuwa inaelekea pembeni ya shimo, upana wa kiganja, na inakwenda taratibu mno. Wenzangu wakaanza kushangilia, mmoja akanikumbatia. Na nyeusi inaendelea kwenda. Ilipopungua mwendo ndipo ulalo ukaishika, ikapinda, ikaenda moja kwa moja ikaingia.

Sikuwa na hasira. Nilimwomba aniambie alichokifanya, naye akanifafanulia mbele ya watu bila kunificha. "Mdogo wangu, meza hii unaicheza kila siku, lakini huijui, kwa sababu unapiga kwa nguvu. Mpira ukienda kwa nguvu hauoni ulalo." Akanionyesha na jambo jingine. Kwenye meza ya sarafu mipira ikiingia shimoni inabaki ndani mpaka ulipe tena, lakini mweupe lazima urudi. Ili mashine iweze kuutenga, mweupe wa meza ile ulitengenezwa mkubwa kidogo kuliko mingine, na mzito zaidi. Sisi tulikuwa tunalazimisha urudi nyuma kama tulivyoona kwenye televisheni, nao unagoma. Yeye alikuwa anauacha utembee mbele, anapanga utakakofikia.

Siku hizi vijana wananionyesha kwenye simu video za Efren Reyes wa Ufilipino, aliyekulia kwenye ukumbi wa pool wa mjomba wake kule Manila, ambako alikuwa akilala juu ya meza, hadi mwaka 1999 akawa bingwa wa dunia wa pool ya mipira tisa mjini Cardiff. Wanashangaa. Mimi nawaambia watazame mkono wake unavyotulia. Mkono wa namna hiyo nimewahi kuuona Mwanga.

Nilimwambia mzee turudiane kesho yake asubuhi. Akanijibu, "Asubuhi nalala. Usiku nina treni." Nikamsihi, maana nilikuwa naungua kurudiana naye. Akatikisa kichwa. Kutoka hapa hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 400 za reli, na nyuma yake wanakuwapo mamia ya watu waliolala wakiamini kwamba yeye yuko macho.

Na hapa, Mhariri, ndipo ninapoanza kujibu swali lenu, na naona kalamu inanipeleka nisikotarajia. Nimewatetea wavuvi wanaocheza saa nne asubuhi. Lakini huyu naye alikuwa mtu wa kazi ya usiku, tena mchezaji kuliko wote niliowahi kucheza nao, na asubuhi alikuwa analala. Nikiwa fundi nawaona wanaokuja mwaloni jioni na macho mekundu kwa sababu mchana mzima walikuwa mezani. Nimefungua injini zilizochomwa kwa sababu mwendeshaji alisinzia hakuona kwamba maji ya kupoza yameacha kutoka. Injini huwa naitengeneza ikapona. Ziwa usiku, upepo ukivuma kutoka kusini, halina subira ya namna hiyo.

Tena wale wanaokaa mezani kuanzia saa mbili asubuhi, nikiwahesabu wale ninaowafahamu, hakuna hata mmoja aliyejifunza kuupooza mpira. Wanapiga kwa nguvu kwa sababu kuna foleni, kuna sarafu, na zaidi ya yote kuna dau. Mwenye dau anataka mchezo uishe awahi mwingine. Mezani wanashinda kutwa, ila mchezo hawaujui. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba mkifunga meza mchana mtaua vipaji. Kipaji nilichokiona kilikuwa kinakuja baada ya alasiri na kuondoka mapema.

Basi jibu langu: fungeni. Najua nilianza na hapana, na lile la "wasio na kazi" nalikataa hadi sasa, mliondoe. Ila isiwe saa kumi, iwe saa nane, maana mchana wa Kigoma kwenye joto watu wanahitaji mahali pa kukaa. Isiwe kazi ya polisi, kwa sababu polisi akija kwenye meza anayekimbia ni mtoto na anayebaki ni mwenye fedha za kumaliza mambo. Wasimamie viongozi wa mtaa, na mwaloni wasimamie wavuvi wenyewe kupitia BMU yao, yaani kikundi chao cha kusimamia uvuvi ufukweni. Dau likatazwe saa zote, hata usiku, hilo silegezi. Na zile siku za mbalamwezi, ambapo hakuna boti inayotoka, meza za Kibirizi ziachwe wazi tangu asubuhi.