Mafua Yameshuka Tumboni?

Tandahimba, Julai

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako niliusoma alfajiri. Siku ya tatu leo unapiga chafya na koo linawasha, na tangu juzi jioni una homa, unatapika na kuharisha. Jirani yako hapo Lindi kakwambia mafua yameshuka tumboni, nawe unaniuliza kama ni kweli.

Mafua hayashuki. Makamasi unayoyameza usiku yanaweza kukuchafua roho hata ukatapika, lakini kuharisha hakuletwi na makamasi. Wapo virusi, kama vya influenza na vya UVIKO, vinavyoweza kumsumbua mtu kifuani na tumboni kwa pamoja. Na pengine ni wageni wawili waliopiga hodi siku moja: mafua uliyoambukizwa kazini na kiporo ulichokula usiku.

Ila kuna mgeni wa tatu, huyo umemkaribisha mwenyewe. Umesema umenunua dawa ya mafua, panadol, diklofenaki na Flagyl, ukavimeza vyote kwa chai ya rangi bila kutia kitu tumboni. Miaka yote niliyokaa zahanati niliwagombeza watu kwa hilo, kumbe kwangu kuna mmoja! Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani, kwa hiyo ukiongeza panadol unajizidishia. Mtu mzima asivuke gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, ukijumlisha kila dawa yenye parasetamoli. Diklofenaki huchubua tumbo, Flagyl haiui virusi na yenyewe inaleta kichefuchefu. Sitashangaa nusu ya huko kutapika ikiwa ni dawa. Bakiza panadol peke yake, ya homa na maumivu.

Kazi yako kubwa ni kunywa. Koroga pakiti ya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, kwenye lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Ukikosa pakiti, tia vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, usirundike. Kunywa funda moja moja. Ukitapika, pumzika dakika 10 kisha anza tena. Madafu mazuri, lakini chumvi yake ni ndogo, hayatoshi peke yake. Njaa ikirudi, uji au wali laini.

Sasa hiyo homa. Hukuniambia umepima malaria, nami hilo ndilo lililoninyima raha. Mtu akiwa na mafua hajapewa kinga ya malaria, na malaria nayo hutapisha na kuharisha. Msimu mmoja wa kupulizia salfa kwenye mikorosho nilikohoa, macho yakawasha, nikasema ni salfa tu. Mwili ukachemka, nikasema mafua. Siku ya nne nikachomwa kidole: malaria, nami ndiye niliyekuwa nikiwapima wengine! Nenda leo. Majibu ya kipimo cha haraka hayazidi nusu saa. Na usimeze dawa ya mseto ya malaria kabla hujapimwa.

Ukiona damu kwenye choo, mkojo umekuwa mchache na wa rangi nzito, kizunguzungu ukisimama, pumzi inakubana, au hata maji hayakai tumboni, usiningoje mimi, nenda hospitali. Choo kikimiminika kama maji ya kuoshea mchele, hata kama ni usiku wa manane.

Nawa kwa sabuni na maji ukitoka chooni. Ile dawa ya kupaka mikononi haiwezi baadhi ya virusi vya tumbo. Na jikoni mwachie mkeo mpaka zipite siku 2 tangu tumbo litulie.

Kaka yako anakuja huko Jumamosi, nimempa korosho zako. Zifunge kwenye kopo kwanza. Nipigie ukitoka kupima.

Mama yako