Re: Mwenye mabavu vs mwenye ufundi, nani anashinda kwa upanga?

Mkuu umeuliza kwa nini kwenye muvi za mapanga mwenye mabavu anapigwa na kajamaa kembamba, eti waandishi wanatudanganya. Mi nakataa. Kacheki Seven Samurai, muvi ya Kijapani ya mwongozaji Kurosawa, ya 1954, pale Kyuzo, mmoja wa hao samurai (wapiganaji wa upanga) saba, anapopambana na jamaa mmoja. Wanaanza na fimbo, wakimaliza jamaa anadai ngoma droo, Kyuzo anamwambia tu ingekuwa upanga wa kweli ungekuwa ushakufa. Jamaa presha ikampanda, akalazimisha wachomoe vyuma, akaja mbio na makelele yake, na Kyuzo katulia tuli kama hayupo, pigo moja, mwenzie anadondoka taratiiibu mpaka unamwonea huruma. Upanga wenye makali hautaki misuli mingi bana, unataka umbali na taimingi, na mwenye hasira ndo anakuletea mwili mwenyewe mpaka mlangoni. Ila nguvu nayo si bure, mkilingana ufundi mwenye pumzi na mikono mirefu atakusumbua. Na huyo huyo Kyuzo mwishoni anauawa kwa risasi, ufundi wote kwisha habari yake, iliniuma sana aisee.