Asilimia Kumi ya Nini? Kwa Wanaotunga Hadithi za Mapenzi

Mtunzi wa hadithi za mapenzi akipata mchapishaji, habari ya kwanza kuitangaza ni asilimia, yaani mrabaha, fungu lake kwa kila nakala inayouzwa. "Dada, wamenipa kumi!" Ujumbe wa namna hii naupata kutoka Kasulu, Kibondo, Uvinza, na hapahapa Kigoma mjini, Mwanga, ninapoishi. Swali langu huwa moja, na najua linaingiza mchanga kwenye kitumbua cha mtu: asilimia kumi ya nini?

Tuchukue kitabu kinachouzwa shilingi 10,000. Asilimia kumi ya bei ya jaladani ni 1,000 kwa kila nakala. Lakini duka la vitabu halinunui kwa 10,000. Linapewa punguzo, tuseme asilimia 40, na mchapishaji anabaki na 6,000. Mkataba ukisema "asilimia kumi ya mapato halisi", chako ni 600. Na kama ukurasa mwingine unasema mapato halisi ni kile kinachobaki baada ya kutoa gharama za uchapaji, usafiri na matangazo, unaweza kupata 150, au usipate kitu. Hutakuwa na wa kumshitaki, maana saini ni yako. Kwa nakala 1,000 hiyo ni tofauti kati ya milioni moja na laki na nusu, kitabu kilekile, asilimia kumi ileile.

Msidhani haya ni ya kwetu tu. Harlequin ya Kanada, kampuni kubwa ya riwaya za mapenzi duniani, ilishitakiwa na waandishi wake huko Marekani mwaka 2012. Mikataba ya zamani ilikuwa inawaahidi nusu ya kile ambacho mchapishaji wao angepokea kwa kukodisha haki za vitabu vya kielektroniki. Nusu! Nani asingesaini? Waandishi wakadai kwamba mchapishaji aliyetajwa kwenye mkataba alikuwa anaikodishia haki hizo kampuni mama kwa asilimia sita hadi nane tu ya bei ya kitabu, kwa hiyo "nusu" yao ikawa asilimia tatu au nne. Kesi iliburuzwa miaka kadhaa, na mwaka 2016 pande mbili zikapatana kwa dola milioni 4.1. Hao ni watu wenye mawakala na wanasheria. Wewe unasaini mkataba uliotumiwa kwa WhatsApp, umepigwa picha upandeupande.

Kitabu changu cha kwanza kilitolewa na mchapishaji wa Dar es Salaam, sitamtaja. Taarifa ya mauzo ilipokuja ilikuwa na mstari mmoja: nakala zilizouzwa, na fedha yangu. Nilipouliza zilichapwa ngapi, nikaambiwa nyingine ziko madukani kwa mali kauli, muuza duka akiuza ndipo analipa. Inawezekana ilikuwa kweli, kwa sababu vitabu vingi nchini ndivyo vinavyotembea. Ila bila kujua idadi iliyochapwa, mtunzi aliyeko mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka ghala lilipo, hana pa kuanzia hesabu. Mkataba wangu uliofuata una vifungu vitatu nilivyovipigania kuliko asilimia yenyewe: idadi ya nakala itajwe kwa maandishi kila zinapochapwa, taarifa ya mauzo itolewe mara mbili kwa mwaka, na niwe na haki ya kukagua hesabu. Nilikubali mrabaha mdogo kidogo ili nivipate. Sijutii.

Sasa, kwa nini sisi wa mapenzi tunapewa masharti mabaya kuliko wengine? Fedha ya wachapishaji wetu iko kwenye vitabu vya shule, vya kiada na ziada, vyenye ithibati ya Serikali. Hadithi ya Zuhura na mume wa mtu haitaingia darasa la sita hata uilainishe vipi. Mhariri mmoja aliwahi kuniambia nipunguze mapenzi niongeze mafunzo. Mwingine alisema kwenye kikao kimoja kwamba hadithi zangu hazihitaji matangazo kwa kuwa zinajiuza zenyewe, na chai haijapoa akasema aina hii ya vitabu haina soko, ndiyo maana hawezi kuvuka asilimia saba. Nilimwomba achague moja. Alicheka, mimi sikucheka.

Dawa ya maneno hayo ni ushahidi. Wengi wenu mnaandika simulizi na chombezo kwenye makundi ya WhatsApp, sehemu za mwanzo bure, zilizobaki mtu analipia kwa simu. Tunzeni rekodi ya malipo hayo. Nilipokwenda kwa mchapishaji wa pili nilibeba daftari, majina nimeyafuta, tarehe na kiasi vimebaki. Alilipekua kurasa mbili tatu, kisha akaacha kuzungumzia soko. Tukaanza kuzungumzia bei.

Kuna wanaonunua mswada kwa mkupuo mmoja, wanakulipa leo na mmeachana. Siwalaani. Ukiwa na ada ya mtoto au mgonjwa hospitali ya Maweni, laki tano mkononi ni laki tano. Lakini soma umeuza nini. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999, haki ni yako tangu unapoandika, kabla hujasajili popote, na inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Neno "haki zote" kwenye karatasi ya mkupuo linabeba na urithi wa wajukuu zako. Uza haki ya kuchapa kitabu kwa Kiswahili, kwa miaka mitano au saba, basi. Haki za filamu na tamthilia, za kusomwa kwa sauti, za tafsiri na za kuuza kwa simu zitajwe moja moja: hii nimetoa, hii nimebaki nayo. Hadithi za mapenzi ndizo wanaotengeneza tamthilia za runinga wanazitafuta, na wanaosoma simulizi YouTube wanazitafuta zaidi, wengine bila hata salamu. Mchapishaji asiye na mpango wa kutengeneza filamu anaitakia nini haki ya filamu?

Anayekutaka "uchangie gharama" kisha akupe asilimia kumi huyo muogope. Kama fedha ya uchapaji ni yako, vitabu ni vyako na faida ni yako. Mlipe kazi ya kiwanda muachane. Njia hiyo si aibu. Ben Mtobwa, mtunzi wa riwaya na mwana wa Kigoma, alianzisha kampuni yake mwenyewe, Heko, akatoa vitabu vyake humo. ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, utaipata Bodi ya Huduma za Maktaba. Tatizo halitakuwa kuchapa, litakuwa kuzungusha: utajikuta wewe ndiye unayegawa mali kauli kwenye maduka ya steshenari, na wewe ndiye unayefuatilia madeni. Mimi kazi hiyo ilinishinda kwa hiari, napenda kuandika kuliko kudai.

Kwa walioshasaini. Angalieni kama kuna kifungu cha kitabu kuisha sokoni. Kama kipo na kitabu hakipatikani tena, andika barua ya kudai haki zirudi kwako. Kama hakipo, andika barua ya kuomba taarifa ya mauzo na idadi ya nakala zilizobaki ghalani. Barua, si simu wala sauti ya WhatsApp. Iwe na tarehe, itume posta kwa rejista, baki na nakala na risiti, mpe mwezi mmoja kujibu. Asipojibu, peleka nakala hizo pamoja na mkataba Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, uandike malalamiko. Wangu alijibu barua ya pili, ile iliyoonyesha chini kwamba nakala imekwenda COSOTA. Fedha haikuwa nyingi, lakini safari hii karatasi ilikuwa na mistari minne: zilizochapwa, zilizouzwa, zilizo madukani, zilizobaki.