Manjano jana, mweusi leo

SWALI: Shikamoo mjomba. Miezi saba iliyopita nililetewa samaki sita wadogo, wa manjano kama kiini cha yai, kila mmoja ana mistari myeusi ubavuni. Sasa ni wiki ya pili, mkubwa wao anazidi kuwa mweusi kuanzia tumboni, na ile mistari imekuwa kama buluu iliyopauka. Kula anakula, ila kutwa anawafukuza wenzake. Nimemtenga kwenye ndoo, nikatia chumvi na dawa ya ukungu. Je, atapona?
Mama wa Sita

JIBU: Marahaba mwanangu. Mtoe kwenye hiyo ndoo leo leo. Haumwi huyo, amebalehe.

Kwa ulivyoeleza, hao ni auratus, mmoja wa mbuna, yaani samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa. Ni sikilidi, ukoo mmoja na sato, perege na furu, na ukoo huo haujui kutulia na rangi moja. Auratus wote huanza maisha na manjano yenye mistari myeusi, awe dume au jike. Majike kwa kawaida huzeeka nayo. Dume akikomaa na kushika utawala wa tangi, anageuza nguo ndani nje: palipokuwa na manjano panaingia weusi, na palipokuwa na weusi panabaki mstari mweupe-mweupe wenye buluu. Mtu asiyejua huapa kwamba ni samaki wa aina nyingine aliyeingia usiku.

Wala si kwamba nakucheka. Miaka ya nyuma nilikuwa na lombardoi, mbuna ambaye safari yake ni kinyume cha huyo wako: wadogo na majike ni wa buluu wenye mapande ya giza, dume akikomaa anakuwa manjano. Wangu alipoanza kubadilika nikaamini kapata homa ya manjano, nikamwaga dawa tangi zima. Dawa ikaua bakteria wanaoishi kwenye chujio, wale wanaosafisha uchafu wa samaki, amonia, sumu itokanayo na uchafu huo, ikapanda, nikazika wanne waliokuwa wazima kabisa. “Mgonjwa” mwenyewe akaendelea kuwa manjano, tena akanenepa.

Tangu siku hiyo kitu cha kwanza ninachokitazama ni mwendo wa mabadiliko. Ngozi ya samaki hawa ina seli za rangi za namna kadhaa. Zipo zenye weusi, zipo zenye manjano na wekundu, na zipo zenye vifuwele vinavyorudisha mwanga. Hizo za mwisho ndizo hasa zinazotuonyesha buluu. Samaki akiogopa au akipigana, chembe za weusi husambaa au hujikusanya ndani ya seli zao, na rangi hugeuka kwa dakika chache, kisha hurudi. Kukomaa ni jambo jingine. Hapo homoni zinafanya kazi polepole, hata hesabu ya seli zenyewe hubadilika, na huchukua wiki kadhaa. Kuna sikilidi wa maziwa ya Nicaragua, citrinellus, ambao huzaliwa kijivu na baadhi yao hugeuka rangi ya chungwa kwa sababu seli zao nyeusi zinakufa. Hao wakishavuka hawarudi. Auratus anaweza kurudi: akipinduliwa na dume mwingine, weusi wake hufifia. Kwa hiyo usishangae ukimkuta humo ndooni ameanza kupauka, na huko kwenye tangi mwingine ameanza kuiva. Kiti hakikai wazi.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni hao watano, si rangi. Auratus ni miongoni mwa mbuna wakorofi kupindukia. Kabla ya kumrudisha, hamisha mawe yote ili akute mtaa mgeni na aanze upya kutafuta himaya, na hakikisha kila samaki ana pango la kukimbilia. Akitokea dume wa pili, mtafutie tangi lake. Dawa iache kabatini mpaka uone samaki amebana mapezi, anahema juu juu ya maji, au amesusa chakula. Hata hapo, pima maji kwanza.

SWALI: Nina fryeri kumi, sikilidi wa Ziwa Nyasa, wametimiza mwaka. Mmoja ni wa buluu ya kuwaka, tisa bado kijivu. Nimeuziwa samaki wabovu?

JIBU: Hapana. Majike wa fryeri ni wa kijivu maisha yao yote, na dume mnyonge hujificha ndani ya rangi hiyohiyo ili bwana mkubwa asimwandame. Mhamishe huyo wa buluu kwa wiki chache, uone nani atajitokeza. Asipojitokeza yeyote, huenda una majike tisa, na wafugaji wengi watakuonea wivu.

SWALI: Nilinunua Aulonocara, sikilidi wengine wa Ziwa Nyasa, wa sentimita nne, wanameremeta kama mashanga. Miezi miwili baadaye wamefubaa wote. Nibadilishe chakula?

JIBU: Wa sentimita nne hakutakiwa kumeremeta. Umri huo wanakuwa kijivu na kahawia, hata madume. Kuna wauzaji wanaowalisha vichanga homoni ya kiume, hadi majike wanavaa rangi ya baba. Homoni ikiisha mwilini, rangi nayo inaondoka. Chakula chenye spirulina, aina ya mwani, husaidia kukoleza manjano na wekundu, lakini hakimvishi mtoto suti ya mtu mzima. Walee tu, madume wataiva kwa wakati wao. Siku nyingine chagua waliofubaa, na uombe kuonyeshwa baba yao.