Shangazi, majirani wamenisusa. Niache vitabu?

*Shikamoo shangazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 27, mzaliwa wa Peramiho, Songea. Nimeolewa mwaka huu nikahamia Dar es Salaam. Tunaishi Tabata kwenye nyumba yenye wapangaji sita, bomba na choo tunachangia. Mume wangu ni dereva wa malori ya Tunduma, akiondoka anaweza kukaa wiki mbili. Kazi sijapata. Nikimaliza usafi na kupika, najifungia ndani nasoma. Ndivyo nilivyolelewa. Baba alikuwa fundi kwenye kiwanda cha uchapaji cha misheni, nyumbani vitabu vilijaa mpaka chini ya kitanda, na kila jioni tulikuwa tunavijadili.*

*Wenzangu hapa wao ni tamthilia za Kituruki na kusengenya tu, sina cha kuongea nao. Dada mmoja aliwahi kuniuliza kitabu nilichoshika kinahusu nini, nikamwambia ni kirefu, hatakielewa. Wiki tatu zilizopita mama wa chumba cha mwisho alifiwa na mama yake mzazi. Nilisikia vilio mchana nikadhani ni tamthilia, nikaendelea na "Vuta N'kuvute", naisoma mara ya pili. Msiba ulikuwa Temeke kwa kaka yake, wote wakaenda. Mimi nilijua kesho yake jioni wameshazika. Nikampa pole bombani. Tangu siku hiyo nikisalimia hawaitikii, nikipita nasikia "msomi huyo". Usiku nalia. Je, niache kusoma ili nikubalike? Halafu baba anataka kunitumia boksi zima la vitabu kwa basi. Nimkatalie?*

*Mgeni, Tabata*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kukaa peke yako wiki mbili katika mji usio na ndugu, na watu mnaochangia bomba wanakupita kimya, kunauma. Machozi yako nayaelewa kabisa.

Nianze na swali lako kubwa ili usiendelee kusoma ukiwa na wasiwasi. Usiache vitabu. Wala usivipunguze. Ukivitupa ili upendwe, baada ya mwaka utakuwa unawachukia majirani zako kwa kitu ulichokitoa mwenyewe, nao hawakukuomba ukitoe.

Hawakukuomba, mwanangu. Isome tena barua yako. Hakuna hata mmoja aliyekwambia acha kusoma. Yupo aliyekuuliza kitabu kinahusu nini, na yupo aliyefiwa na mama yake. Haya mambo mawili ndiyo yaliyokufikisha hapa, na yote mawili yanarekebishika.

Nianze na msiba, kwa sababu huo ndio uliowafunga midomo. Wewe umetoka mahali ambapo mtu akifa kengele ya kanisa inalia na ukoo mzima uko umbali wa kutembea kwa miguu. Dar es Salaam watu wametoka kila mkoa. Ndugu wa damu yuko Kigoma, mwingine Mtwara, mwingine Singida, na akipata nauli atafika siku ya tatu. Wanaowahi ni majirani. Ndio wanaopitisha daftari la mchango, wanaotafuta turubai na viti, wanaochambua mchele, wanaoosha masufuria, na wanaolala chini kwenye mkeka pamoja na mfiwa ili asizinduke usiku akajikuta peke yake. Mpangaji wa chumba cha mwisho alipotazama nyuma yake kule Temeke aliona vyumba vinne vimekuja. Hesabu ya nani hayupo haihitaji daftari. Halafu akarudi nyumbani, na wewe ukampa pole bombani, wote mnangoja ndoo zijae.

Najua hukukusudia, wewe ulidhani ni televisheni. Ila jiulize ingekuwaje kama ungekuwa unawajua. Kama ungeshazoea sauti ya yule mama akicheka na akigombeza watoto, ungekitambua kilio chake hata kupitia ukuta. Umekaa naye nyumba moja miezi kadhaa na sauti yake ilikuwa ngeni masikioni mwako. Hilo ndilo linalonihuzunisha kuliko hata kuchelewa kwa pole yenyewe.

Na kwa kuwa umeitaja "Vuta N'kuvute", riwaya ya Adam Shafi, tuizungumze kidogo, maana mtu aliyeisoma mara mbili hawezi kuwa ameisahau. Yasmin ni binti mdogo aliyeozwa mzee, Bwana Raza. Anamkimbia, jamaa zake wanamkataa, hana pa kwenda. Anayempokea ni nani? Ni Mwajuma wa Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida kule mjini Unguja, asiye na mali wala elimu, mwenye chumba chake na moyo wake. Mwandishi amempa Mwajuma nafasi kubwa sana katika riwaya ile. Bila yeye Yasmin angelala wapi, na Denge, kijana aliyempenda, angekutana naye wapi? Mimi naamini ulimpenda Mwajuma, kila msomaji humpenda. Sasa waangalie wanawake wa uani kwako wanaokaa kwenye vigoda na mabeseni yao ya mchicha, uniambie una uhakika gani kwamba hakuna Mwajuma hata mmoja pale. Wewe ndiye mgeni, wewe ndiye uliyeolewa ukaletwa mjini huna mtu. Siku mumeo akichelewa kurudi na homa ikakushika saa nane ya usiku, utagonga mlango wa nani?

Basi fanya hivi. Wiki tatu zimepita, arobaini bado. Kabla haijafika, chagua jioni moja ambayo mfiwa yuko peke yake, usiende kundi limekaa. Jifunge kanga, bisha hodi, kaa chini kama atakukaribisha. Mwambie, "Dada, nimekuja kukupa pole ya mama. Nilichelewa na sina sababu ya maana. Naomba uniwie radhi." Uishie hapo. Usimweleze habari za kitabu, wala za tamthilia, wala za ugeni wako, kwa sababu ukianza kueleza, ataanza yeye kukubembeleza wewe, na aliyefiwa ni yeye. Muulize mama yake alikuwa mtu wa namna gani. Halafu nyamaza usikilize, hata kama ni saa nzima. Wafiwa wengi baada ya turubai kushushwa hawapati tena mtu wa kuwauliza swali hilo. Ukiondoka, mwachie mchango wako kwenye bahasha, chochote ulichonacho, elfu tano inatosha.

Siku ya arobaini nenda asubuhi, usingoje saa ya kula. Chukua kisu chako mwenyewe, kwa sababu visu havitoshi kwenye shughuli yoyote ya mji huu, na umwendee mama anayesimamia jiko umuulize, "Nishike wapi?" Atakupa vitunguu. Mgeni hupewa vitunguu. Menya vyote. Hata kama wewe ni Mkatoliki na wao ni Waislamu, jikoni hakuna atakayekuuliza dini, tupia mtandio kichwani tu wakati wa dua. Jiandae kwamba wengine hawatakuchangamkia siku hiyo hiyo. Wapo watakaonyamaza hata wiki zaidi. Wewe endelea kusalimia kama kawaida, asubuhi na jioni, bila kuhesabu nani ameitikia.

La pili ni yule dada uliyemwambia hatakielewa kitabu. Hili limeniuma, na nitakwambia bila kuzungusha. Yule alikusogelea. Katika nyumba nzima ni yeye mmoja aliyeona kitabu mkononi mwako akatamani kujua kilichomo, na ukamjibu kwa dharau. Huenda hukuiona kuwa dharau, ila yeye aliiona na akaenda kuwasimulia wenzake. Hilo neno "msomi" unalolisikia ukipita, mimi nadhani lilianzia pale, hata kabla ya msiba.

Tena unaniandikia kwamba huna cha kuongea na watu wa tamthilia. Mwanangu, umewahi kuwasikiliza? Mwanamke anayefuatilia tamthilia ya vipindi mia na zaidi anakumbuka nani ni mtoto wa nani, nani alificha barua, nani alimdhulumu nani kipindi cha ishirini, na jioni anabishana na wenzake kama mama mkwe alistahili kusamehewa. Wewe na baba yako mlikuwa mnafanya nini kila jioni pale Peramiho? Mlikuwa mnabishana kama mtu fulani kitabuni alistahili kusamehewa. Wanawake hao wana kiu ile ile ya hadithi uliyo nayo wewe. Tofauti ni kwamba wao hukaa uani pamoja, na wewe unakaa na mlango umefungwa.

Kwa hiyo mrudie yule dada. Usimpe kitabu, atadhani unampima. Siku moja mnachambua mboga mwambie, "Uliniuliza kile kitabu nikakujibu vibaya. Kinahusu binti aliyeozwa mzee akatoroka." Mwache aulize mwenyewe kilichofuata. Msimulie kidogo, ukomee Yasmin anapofika Ng'ambo, useme maharage yanaungua. Kesho atakutafuta. Na wewe muulize tamthilia yake imefika wapi, usikilize kwa masikio yale yale unayosomea. Hupendi, usijifanye unapenda. Lakini utaanza kufahamu kwa nini wanamlilia mtu wasiyemjua.

Na mlango, mwanangu. Soma mlango ukiwa wazi. Pazia litakusitiri. Jua likipungua toa kigoda, soma nje kurasa mbili tatu, mtu akipita inua uso umsalimie kabla hujarudi kwenye mstari wako. Ukitaka kusoma kwa kina, soma usiku au asubuhi watu wakiwa makazini, hapo jifungie ukipenda. Hakuna atakayekulaumu kwa hilo.

Kuhusu mumeo umenigusia kidogo tu, hivyo nadhani hapo hakuna tatizo. Mweleze yote ya msiba, akirudi aende naye kutoa mkono wa pole. Mwanaume wa nyumba akionekana, jambo linakuwa zito zaidi.

Kuna kitu kingine nimekiona katika barua yako ambacho hukukiuliza. Vitabu unavyo, hata hapo chumbani unacho. Kinachokukosesha raha ni kuwa mbali na baba, mtu wa kumwambia "hebu sikia hapa". Jirani hataziba nafasi hiyo hata akiwa mwema vipi, usimdai. Mpigie baba. Chagueni kitabu kimoja ambacho nyote mnacho, mkubaliane sura moja kwa juma, Jumapili baada ya misa mbishane kama zamani. Naye nyumba yake imepoa tangu uolewe, na naamini boksi hilo analolifunga ni njia yake ya kukwambia hivyo.

Na siku ukiwa na nauli, nenda mjini, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, kwenye Maktaba Kuu ya Taifa. Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967, na mpaka leo wanafunzi wamejaa pale na madaftari yao, kwa hiyo wahi asubuhi upate kiti. Nakutuma huko kwa sababu maalumu. Sheria inataka vitabu vinavyochapishwa nchini vipelekwe nakala pale vihifadhiwe. Wabenediktini, watawa Wakatoliki wa misheni za Peramiho na Ndanda, wamechapisha vitabu vya Kiswahili miaka mingi. Muulize mkutubi akusaidie kutafuta vilivyopigwa chapa Peramiho. Huenda ukaviona humo vilivyopita mikononi mwa baba yako, vikiwa na muhuri wa taifa, katikati ya mji unaodhani hauna chochote chako. Andika majina yake, umsomee kwenye simu Jumapili.

Ukitoka hapo tembea kuelekea Samora na Posta. Wapo wauzaji wa vitabu vya mitumba wanaovipanga chini kando ya njia. Chutama, chagua taratibu, omba punguzo bila aibu, na fungua kurasa za mwisho kabla ya kulipa, maana kuna vingine vimenyofolewa mwisho. Wauzaji hawa wanasoma, na ukirudi mara kadhaa watakuwekea unachokitaka. Huo ni urafiki mwingine wa mji huu, na unaanza kwa kubishania bei.

Sasa boksi. Usimkatalie baba. Mwambie agawe mafungu mawili kama ni zito, aandike jina lako na namba ya simu pande zote, na akutumie picha ya risiti. Basi litaingia kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Fuata mzigo mwenyewe na kitambulisho chako, usimtume bodaboda. Ukifika nao nyumbani usiuache sakafuni umegusa ukuta. Joto la Dar lina unyevu, na masika yakianza, Machi mpaka Mei, karatasi hushika ukungu kwa muda mfupi, tena mchwa hupanda kupitia nyufa za saruji. Panga matofali, weka ubao juu yake, acha nafasi ya kiganja kati ya vitabu na ukuta. Usivifunge kwenye nailoni. Vitoe vyote kila baada ya miezi michache uvipeperushe kivulini.

Na mwombe baba atie humo vitabu vyembamba vya hadithi, maana yule dada akianza kuazima, usimwanzishie cha kurasa mia tatu. Niandikie baada ya arobaini, unieleze mfiwa alikujibu nini.