Mwanao anashinda kwa fundi baiskeli? Usimkataze kwanza

Dada yangu wa Wete, Pemba, pole. Umesema mwanao kamaliza Kidato cha Nne, kutwa yuko kwa fundi baiskeli, nawe unaogopa anapotea.

Nenda ukamwone huyo fundi. Wangu alianzia hivyohivyo, Chake Chake: asugue tyubu kwa msasa, apake gundi, angoje ikauke ndipo abandike kiraka. Kule kungoja kulimtuliza kuliko maneno yangu yote. Na asipoonekana siku mbili, wazee wa pale barazani wanamuulizia.

Mkubaliane posho, japo ya nauli. Akipenda kazi, ulizia mafunzo ya amali, yaani ya ufundi, kule Vitongoji, Pemba. Ila akianza kujitenga, hapati usingizi, au ukishuku dawa za kulevya, mpeleke hospitali mapema.