Usimpunguzie mtoto safari za kwa bibi

Usifanye hivyo! Binti yako wa miaka 6 amezoeana na bibi jirani wa miaka 91, bibi sasa hatoki kitandani, nawe unataka kumpunguzia mtoto safari za kule kidogokidogo asije akaumia. Mimi nilifanya hilohilo, na mwanangu aliumia mara mbili.

Wangu alikuwa na miaka 7, rafiki yake, babu mmoja, 88. Kila jioni drafti. Masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba, na sauti za watoto ndizo hizo, basi mwanangu alijifunza mwenyewe kusimama mbele ya babu, amtazame usoni, ndipo aseme polepole.

Babu alipozidiwa, ndugu yangu mmoja, mtu mzima mwenye watoto wake, akaniambia: "Mwambie amesafiri. Mtoto huyo, wiki mbili kashasahau." Nikamsikiliza. Mpaka leo nikiyakumbuka maneno yale damu inanichemka. Nani kamwambia watoto wanasahau? Kila siku naulizwa babu anarudi lini, kila siku natunga safari nyingine. Wiki ya tatu babu akafariki, na mwanangu akaambiwa na mwenzake huko nje wakicheza. Alikuja akasimama mlangoni, hata hakulia. "Kwa hiyo siku zote hizo alikuwepo?" Nilikosa jibu. Kwa miezi baada ya hapo, mtu wa nyumbani akisema anasafiri, mtoto halali.

Halafu binti wa babu akanieleza kuwa ubao wa drafti ulikaa kwenye stuli kando ya kitanda, kete vilevile walivyoziacha. Akitaka kuusogeza afute vumbi, babu anamkataza: "Uache, ni zamu yake." Kumbe hata mzee nilimdhulumu.

Mwambie mtoto ukweli, kwa neno lenyewe. Usiseme bibi "atalala", maana usiku ataogopa kufumba macho. Sema bibi anaumwa sana, mwili umechoka, huenda akafa. Mweleze kabla hamjaingia atakachokiona: amekonda, anaongea kwa shida, pengine asimtambue. Asipotaka kuingia usimlazimishe, achore picha uipeleke wewe. Akitaka, ingieni. Dakika 10 zinatosha, bibi akichoka mnatoka, na kesho mnarudi. Ila iwe leo jioni, usingoje Jumamosi.